Gari la Kupanda Mawe Huandaliwa Kuanzia Chini

Kila ninapopita Ngamiani, hapa Tanga, na kuchungulia gereji zilizopo, ni nadra nisikute Land Cruiser ikiwa juu ya magogo, mwenyewe amesimama pembeni akisubiri kufungiwa bampa ya chuma, taa kubwa, keria na mkonga. Ukimwuliza anajiandaa kwa safari ya wapi, atakujibu kwamba anapanda Usambara kwenye njia za mawe. Sina ugomvi na mtu anayependa gari lake lipendeze, lakini vitu vyote vinne anavyovisubiri vinaongeza uzito, na hakuna hata kimoja kitakacholisaidia gari kupita juu ya jiwe. Mkonga, yaani bomba la hewa linalopandishwa juu kando ya kioo, kwa mfano, unaiwezesha injini kuvuta hewa kavu maji yanapokuwa mengi. Lakini difu (kasha la gia lililo katikati ya ekseli) iliyopata moto, ikizamishwa ghafla katika maji baridi ya mto Sigi, itayavuta maji hayo kupitia tundu lake la kupumulia, usipoliunganishia mpira mwembamba na kuupandisha juu hadi chini ya boneti. Mpira huo ni wa bei ndogo mno ukilinganisha na mkonga, ila kwa kuwa hauonekani, watu hawauulizii.

Kabla ya kununua chochote, mtu angelitazama kwanza jiwe lenyewe. Maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa Marekani wanaoendesha kwenye mawe ya mchanga ya Moab, katika jimbo la Utah, ambayo yakiwa makavu hulikamata tairi kama msasa. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye miamba migumu ya kale, na katika njia za kuelekea Amani na Magoroto jiwe hukaa kivulini, limeota utando wa kijani, huku udongo mwekundu ukiwa umelizunguka. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo huo hujaa katika meno ya tairi, na tairi likifika juu ya jiwe huteleza kana kwamba limepakwa sabuni. Upande wa Lushoto, katika mteremko wa kutoka Mlalo kwenda Mng'aro, kuna ukavu zaidi, na kinachosumbua huko ni mawe yaliyolegea ambayo hubiringika chini ya gurudumu. Sioni kwa nini gari moja liandaliwe kwa njia ileile kwa ajili ya sehemu hizi mbili.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Nilikuwa nimesoma kwamba kwenye mawe tairi hupunguzwa upepo hadi 15 kwa kipimo cha PSI, na sababu yake ni ya kweli kabisa: tairi lililolegea hulikumbatia jiwe badala ya kulidunda, na sehemu inayogusa ardhi huongezeka. Basi nikapunguza yote manne hadi 15, nikaanza kupanda Magoroto. Nilichosahau ni kwamba matairi yangu yalikuwa ya 7.50 kwa 16, yale ya mpira wa ndani, yaani tubu, ambayo magari mengi ya huku bado yanayatumia. Tairi la namna hiyo likikosa upepo wa kutosha huteleza juu ya rimu, huvuta tubu pamoja nalo, na valvu, ambayo imekwama katika tundu la rimu, hukatika kwenye shina. Ilikatika moja, na nusu saa baadaye ikakatika ya pili. Mzee mmoja aliyekuwa akiteremka na mzigo wa ndizi alisimama akanitazama, nikamwamkia, naye akaitikia kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, upepo umeutoa mwenyewe?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku hiyo nashikilia kwamba mwenye matairi ya tubu asishuke chini ya 25, akubali kurushwarushwa kidogo, na abebe tubu mbili za akiba. Mwenye matairi yasiyo na tubu anaweza kushuka hadi 18 au 20, mradi awe na pampu ya kuyajaza tena kabla hajarudi kwenye lami, kwa sababu tairi legevu likikimbizwa hupata joto na kupasuka. Ubavu wa tairi pia utazamwe, kwani jiwe lenye ncha hulikata tairi ubavuni kuliko mahali pengine popote, na hakuna fundi wa pancha atakayekuzibia jeraha la ubavuni likadumu.

Jambo la pili ni mwendo. Dereva wa lami hulikabili jiwe kwa kuchochea mafuta, na hapo ndipo ekseli na jointi za propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) zinapovunjika. Gia nzito, ile ya ziada ya kupunguza mwendo katika magari ya aina hii, ipo kwa ajili ya kuondoa haja hiyo, na hesabu yake si ngumu. Chukua gari ambalo gia namba moja inapunguza mwendo mara 4, gia nzito mara 2.5 na difu mara 4. Zidisha zote upate 40. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika bila mguu kugusa mafuta, gurudumu litazunguka mara 20 tu, na kwa tairi lenye kipenyo cha sentimita 80 utakuwa umesogea mita 50 kwa dakika, yaani kilometa 3 kwa saa. Mtu anayetembea kwa miguu atakupita. Waliosema mwenda pole hajikwai hawakuwahi kuiona gia hiyo, lakini sijapata maelezo yake yaliyo bora zaidi. Kwa wenye magari ya zamani, habu za mbele, yaani vifungio vya katikati ya magurudumu, zifungwe kwa mkono kabla ya kuanza kupanda, kwani nimewaona watu wakiilaumu gia nzito ilhali magurudumu ya mbele yalikuwa hayapokei nguvu yoyote.

Hata hivyo gia nzito peke yake haitoshi pale gurudumu moja linaponing'inia hewani. Difu ya kawaida huliachia gurudumu lisilo na mzigo lizunguke bure, na lile lililokanyaga jiwe likabaki limetulia. Ndiyo maana ningempa ushauri mwenye fedha za kitu kimoja tu azitie kwenye kufuli la difu ya nyuma, linaloyalazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja, kabla ya winchi (mashine ya kuvutia gari kwa waya) na kabla ya taa.

Kinga ya chini sina mengi ya kuisemea: bamba la chuma chini ya sampu ya oili ya injini, jingine chini ya tangi la mafuta, na vyuma imara ubavuni vilivyoshikwa kwenye chesisi, si kwenye bodi.

Kuhusu kuvutana nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu hapo watu hufa. Ndoano ya kuvutia ifungwe kwa bolti kwenye chesisi. Ile tufe ya kuvutia tela isitumike kamwe kwa kazi hii, maana ikikatika huruka kama risasi. Sisi wa Tanga tumekulia katikati ya mkonge na tunaiamini kamba yake, nami naiheshimu kwa kufungia mizigo, lakini kamba iliyolala gereji miaka mitatu ikinyonya unyevu wa bahari si ya kunasulia gari la tani tatu. Winchi iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo, kwa hiyo gari la tani 3 linahitaji winchi ya tani 4.5. Kabla waya wake haujaanza kuvuta mzigo, utandikiwe gunia zito au turubai katikati, na watoto wa kijiji, ambao hawakosi kujaa kutazama, waombwe wasogee mbali kuliko urefu wa waya wenyewe.

Nakiri pia kosa la kunyanyua gari. Nilifunga springi ndefu zilizolipandisha kwa sentimita 10, nikafurahia jinsi lilivyoonekana. Pembe ya propela ikaongezeka, jointi ikaanza kulia nikifika Muheza tu, na kwenye mteremko wa kando nikahisi gari linataka kulala ubavu, hasa kwa kuwa nilikuwa nimepakia madumu ya maji na tairi la akiba juu ya keria. Nilirudisha springi za awali, nikaishusha mizigo yote sakafuni, na njia ileile nikaipita bila kutoa jasho. Springi zile ndefu ziko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, na jirani yangu amekwisha kuniuliza mara mbili kama ninaziuza. Nimemwambia aje kwanza tupande Magoroto pamoja, kisha tuzungumze bei.