Mteja na Mwenye Timu: Mgogoro wa Hoki Nilioushuhudia Winnipeg

Jirani yangu wa kwanza hapa Winnipeg, Kanada, mzee aliyestaafu kazi ya reli, aliinunua tiketi yake ya msimu ya Winnipeg Jets mwaka 2011 kwa moyo wa mtu anayelikomboa shamba la baba yake. Timu ya zamani ya jiji hili ilihamishiwa Phoenix mwaka 1996, na kwa miaka 15 watu wa hapa walibaki wakiitazama ligi kuu ya hoki ya barafuni, NHL, kwenye televisheni tu, kama sisi tunavyoutazama mpira wa Ulaya. Timu ya Atlanta ilipoletwa hapa, zikatangazwa tiketi za msimu 13,000, na zile zilizowafikia wananchi wa kawaida ziliisha ndani ya dakika 17, ingawa kila mnunuzi alitakiwa kujifunga kwa miaka mitatu au zaidi. Mzee alifaidi msimu mmoja. Septemba 2012 ligi ikasimama.

Inanibidi nieleze ilivyosimama, kwa sababu nyumbani Tanzania tukisikia mgogoro wa kazi tunadhani moja kwa moja kwamba wafanyakazi wamegoma, na hata hapa Kanada nilikuwa nikiwasikia watu wazima wakisema wachezaji wamegoma ilhali ukweli wanaujua. Wachezaji hawakugoma. Mkataba wa pamoja kati yao na wenye timu ulikwisha katikati ya mwezi huo, na wenye timu wakawafungia nje hadi wakubali mkataba mpya. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayatambua yote mawili, haki ya mfanyakazi kugoma na haki ya mwajiri kuwafungia nje wafanyakazi wake, ila hilo la pili wengi wetu hatujawahi kuliona kwa macho. Mimi nililiona kwa mara ya kwanza likiwapata watu wanaolipwa mamilioni ya dola.

Ligi ilikuwa ikiingiza takriban dola bilioni 3.3 kwa mwaka, na wachezaji wakichukua asilimia 57 ya mapato hayo. Wenye timu walianza kwa kutaka kuwashusha hadi asilimia 43. Baada ya siku 113 za kuvutana, na baada ya msuluhishi wa serikali ya Marekani kuhangaika huku na huko kati ya pande mbili ambazo zilikuwa hazitaki kukaa meza moja, wakakubaliana nusu kwa nusu alfajiri ya tarehe 6 Januari 2013. Hadi hapo mechi 510 zilikuwa zimekwisha kufutwa, na kila timu ikacheza mechi 48 badala ya 82.

Nilikuwa nikiosha vyombo katika mkahawa mmoja ulio hatua chache kutoka uwanjani. Siku za mechi tulikuwa watu watano jikoni, nao wahudumu wa mbele hawakupata hata nafasi ya kunywa maji. Oktoba ile tukabaki wawili, na zamu zangu zikapungua kutoka tano kwa wiki hadi mbili. Sikumbuki kumsikia shabiki yeyote, redioni wala barabarani, akitutaja sisi au wale akina mama waliokuwa wakikagua tiketi mlangoni. Kilichosikika kila mahali ni kauli moja: hawa ni matajiri wanagombana na matajiri wenzao, basi walaaniwe wote. Kauli hiyo ina ladha ya haki, na mimi mwenyewe niliitumia kwa wiki kadhaa, lakini ukiichunguza utaona inamfaa yule aliyeshika ufunguo. Pale ambapo mmoja amefunga mlango na mwingine amesimama nje akiwa na viatu vyake vya barafuni mkononi, kuwalaumu sawasawa ni kumpunguzia mfungaji nusu ya lawama yake.

Hasira nyingine yote ilimwangukia kamishna wa ligi, Gary Bettman, ambaye hadi leo huzomewa kila mwaka anapoingia uwanjani kukabidhi Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa ligi. Anazomewa kwa sauti kubwa kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani mtu huyu anapitisha uamuzi peke yake chumbani kwake, kumbe ameajiriwa na wenye timu na anatekeleza wanachokitaka. Wenye timu wenyewe hawakuzomewa. Hapa Winnipeg ndiyo kabisa, kwa maana ndio walioirudisha timu, na mtu aliyekurudishia ng'ombe aliyepotea huna ujasiri wa kumuuliza mbona leo amelifunga zizi.

Wapo mashabiki waliojaribu kufanya jambo. Mwezi Desemba ilienea kampeni mtandaoni ya kuahidi kususia mechi ikiwa ligi itaendelea kufuta ratiba baada ya tarehe 21. Nilimuuliza mzee kama naye ameahidi. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Mimi nimekwisha kulipa miaka mitatu. Nisusie pesa yangu mwenyewe?" Katika jibu lile ndipo nilipoelewa hali ya shabiki wa huku. Yeye ni mteja. Ana haki za mteja: kurudishiwa fedha za mechi zilizofutwa, kuombwa radhi kwa heshima, kupunguziwa bei ya jezi. Silaha yake ni moja, kutonunua, na silaha hiyo ameiweka rehani siku aliyosaini.

Nyumbani mambo ni mengine, na sisemi kwamba ni bora kwa kila namna. Tarehe 8 Mei 2021, mechi ya Simba na Yanga ilisogezwa siku hiyohiyo kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa muda wa awali, wakapasha misuli, wakaondoka, na mechi ikaahirishwa hadi Julai. Mdogo wangu alikuwapo uwanjani na tiketi yake. Aliponipigia simu usiku ule hakuzungumza kama mtu aliyepunjwa dukani. Alisema "tumeondoka", "hatukubali", "viongozi wetu watueleze", wakati yeye alikuwa jukwaani akila karanga na hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu kuondoka. Shabiki wa Kariakoo anaamini kwamba timu ni yake, na kwa sehemu anaamini sahihi, kwa sababu hizi ni klabu za wanachama, zenye matawi, kadi na mikutano mikuu ambako mwenyekiti anaweza kuulizwa maswali hadi jasho limtoke. Hata Simba ilipoingia kwenye mfumo wa uwekezaji, hesabu iliyowekwa ilikuwa asilimia 49 kwa mwekezaji na 51 kwa wanachama. Mwambie mtu wa Winnipeg kwamba asilimia 51 ya timu ni ya watu wa kawaida, atadhani unamtania.

Hata hivyo umiliki huo wa moyoni una ubaya wake, na ubaya huo unawaangukia wafanyakazi. Mchezaji wa kwetu akidai mshahara wa miezi mitatu, akaanza ule tunaouita mgomo baridi, yaani anakuja mazoezini akiwa mzito, au haonekani kabisa, sisi ndio wa kwanza kusema amehongwa na watani. Hatumuulizi mwenye kulipa kwa nini hajalipa. Kwa kuwa timu ni yetu, tunaona anatudai sisi, na kudaiwa hatupendi. Katika hilo mashabiki wa hoki walikuwa na afadhali: waliwalaani wachezaji kwa utajiri wao, lakini sikusikia mtu akisema wameuza mechi.

Kwa miaka mingi nilipokuwa nikiwasiliana na watu wa nyumbani niliusifu utulivu wa mashabiki wa huku. Hakuna aliyevunja kiti, hakuna aliyekwenda kufunga barabara mbele ya ofisi za timu. Siku hizi siusifu tena. Ligi hii ilifungiwa mwaka 1994, ikafungiwa tena mwaka 2004 hadi msimu mzima ukafutwa, na kwenye Kombe la Stanley, mahali pa jina la bingwa wa mwaka ule, pamechongwa maneno ya kusema msimu haukuchezwa. Waliporudi mwaka 2005 walichora shukrani kwa mashabiki juu ya barafu yenyewe, na mashabiki wakarudi. Mwenye timu anayeyajua hayo yote, anapopiga hesabu mwaka 2012 ya hasara atakayopata akifunga mlango, safu ya hasira ya mashabiki anaiandikia sifuri. Ni kweli kwamba mkataba mpya uliokubaliwa mwaka 2025 umepatikana mapema na kwa amani, lakini sioni popote ambapo shabiki alichangia amani hiyo. Ligi inaingiza fedha nyingi, na pande zote mbili zimeridhika na mgao wao.

Tarehe 19 Januari 2013 msimu ulianza. Baridi ilikuwa ile inayogandisha nywele za puani. Nikiwa njiani kwenda kazini nilimkuta mzee kituo cha basi amevaa jezi ya Jets juu ya koti zito, imembana kifuani kama mtoto aliyevalishwa sare ya mwaka jana. Nikamuuliza kama amewasamehe. "Wameomba radhi," akasema, naye akacheka kidogo, kwa aibu. Siku ile Jets walifungwa na Ottawa Senators mabao 4 kwa 1, na uwanja ulikuwa umejaa.

Nami sikumlaumu, kwa sababu jikoni tulirudi watu watano. Tuliosha vyombo hadi saa saba usiku, na mshahara wangu wa wiki ile ulitoka kwenye msamaha wake.