Yule Mwekundu Ni Baba

Jamani, nani alisema katuni ni za watoto? Huyo mtu namtafuta. Tuna mazungumzo.

Nilikaa kwenye kochi kwa nia safi kabisa. Mtoto anaangalia, mama yake anaangalia, mimi nipo na simu yangu, jicho moja nalitupa kwenye runinga ili ionekane baba yupo. Filamu yenyewe ni Inside Out, ya mwaka 2015. Kuna binti wa miaka 11, Riley, wazazi wamemhamisha kutoka Minnesota kwenda San Francisco, na kichwani mwake wanaishi watu watano wanaogombea mitambo: Furaha, Huzuni, Hofu, Kinyaa na Hasira. Haya. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Akaingia Hasira. Kajitu kafupi, kekundu, kapana kama tofali, kamevaa shati na tai, kameshika gazeti. Kakiudhika, kichwa kinawaka moto. Binti yangu akasimamisha filamu, akanigeukia, akanikagua taratibu kuanzia kola hadi kipara.

"Baba, huyu si wewe?"

Mama yake akakohoa kile kikohozi cha mtu anayebana kicheko. Nikasema sifanani naye hata ukucha. Labda nilipandisha sauti kidogo, maana mtoto alimnong'oneza mama yake, "Umeona? Kinaanza kuwaka."

Sasa ikaja ile sehemu ya mezani. Mama Riley anamwashiria mumewe amsaidie na mtoto, kamera inaingia kichwani mwa baba, na humo ndani hisia zote tano zimekaa zinatazama mechi ya hoki! Zikishtuliwa, hakuna iliyosikia mke kasema nini. Zinaanza kubahatisha: leo siku ya kutoa takataka? Au tumeacha kifuniko cha choo wazi? Nasikia kuna nchi walikopelekewa toleo ambalo hoki imetolewa ikawekwa mpira wa miguu. Yaani wamehakikisha dunia nzima hakuna baba atakayenusurika. Mke wangu hakucheka safari hii. Alinitazama tu, akarudisha macho kwenye runinga. Nikaweka simu chini.

Na kinachoniuma zaidi ni huyu Pete Docter aliyeiongoza. Binti yake alifika kama miaka 11, akaacha uchangamfu, akawa kimya. Mwenzangu akaketi, akawaza, akatoa filamu, akabeba Oscar. Mimi wangu naye alifika miaka 11 akawa kimya. Nilichobeba ni bawaba, baada ya mlango kubamizwa.

Tukafika kwa Bing Bong. Huyu ni rafiki wa kufikirika wa Riley alipokuwa mdogo: mwili wa sukari ya pamba, mkonga wa tembo, mkia wa paka, akilia anatoa pipi. Upuuzi mtupu. Basi wako yeye na Furaha kwenye shimo la kumbukumbu zilizosahauliwa, wanajaribu kutoka na kigari chao, hakifiki, uzito umezidi. Mara ya mwisho jamaa anajirusha chini kimyakimya ili mwenzake afike juu, na kule chini anashangilia huku anafutika... Nikasema naenda kunywa maji. Nikakaa jikoni. Nikafungua bomba ili mlio usaidie. Mtoto akaita kutoka sebuleni, "Baba, glasi yako ya maji iko hapa!"

Tangu siku hiyo sina mamlaka katika nyumba hii. Na mjue kwamba anayeokoa filamu nzima ni Huzuni, si Furaha. Zamani nikisema "nyamaza, usilie," mtu ananyamaza. Sasa ananijibu huku kamasi zinamtoka, "Mwache Huzuni afanye kazi yake, baba." Vyombo havijaoshwa? Kinyaa ndiye aliyekuwa zamu. Kanijibu vibaya? Hasira alisukuma wenzake. Nikitaka kumwadhibu, sijui niite yupi.

Mwaka 2024 wakaleta ya pili. Riley ana miaka 13, king'ora cha balehe kinalia, na wanahamia wageni: Wasiwasi, wa rangi ya chungwa, mizigo kibao, halafu Wivu, Aibu na yule mvivu asiyetoka kwenye kochi. Imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Nimeitazama kwa tahadhari, simu nimeifungia kabatini, macho mbele.

Ila jana usiku mezani, mke wangu aliniuliza kitu. Nilikuwa nawaza penalti iliyogonga mwamba. Nikaona macho yote mawili yananisubiri, nikajibu haraka, "Ndiyo, ni wazo zuri."

Hadi saa hii sijui nimekubali nini. Nimewakuta asubuhi wanapima ukuta wa sebule kwa futikamba, na kochi langu liko nje.