Katika Tiba ya Mtindio wa Ubongo, Anayepaswa Kufanya Kazi ni Mtoto

Katika vyumba vingi vya fiziotherapia picha huwa ni ileile: mtoto mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy, athari ya ubongo inayovuruga mwendo na mkao wa mwili) amelazwa kwenye godoro, mtaalamu amemshika kifundo cha mguu na kukikunja taratibu, na mzazi amekaa pembeni akitazama ili akayarudie hayohayo nyumbani. Sina ugomvi na mikono hiyo, kwa maana mara nyingi ni mikono yenye ujuzi na huruma. Ninachokataa ni dhana kwamba hiyo ndiyo tiba yenyewe, ilhali muda wote huo anayetoa jasho ni mtu mzima na mtoto anashughulikiwa tu.

Dhana hiyo ilijengwa na watu makini. Karel na Berta Bobath, walioanza kazi yao London katika miaka ya 1940, waliamini kwamba mtaalamu akiuongoza mwili wa mtoto na kuuzuia usijikunje vibaya, ubongo utajifunza mwendo ulio sahihi. Mbinu yao ilisambaa duniani kote, na wenyewe waliendelea kuirekebisha. Hata hivyo, mtafiti Iona Novak wa Australia na wenzake walipokusanya matokeo ya tafiti mwaka 2013, na tena mwaka 2020, na kuzipanga tiba kwa rangi za taa za barabarani, kijani kikiwa cha zile zilizothibitika kufaa, mbinu ya kumwongoza mtoto ambaye mwenyewe hatendi haikupata kijani. Kijani kilikwenda kwa mazoezi ambayo mtoto anajaribu, kwa nguvu zake mwenyewe, jambo mahususi analotaka kuliweza, na kulirudia mara nyingi. Kunyoosha misuli kwa mikono nako kumepimwa, na faida yake ya kudumu katika kuzuia viungo visikaze imeonekana kuwa ndogo mno. Kinyume chake, kuimarisha misuli, jambo lililoogopwa kwa miongo mingi kwa hofu kwamba msuli uliokakamaa utazidi kukakamaa, kulithibitika katika tafiti za miaka ya 1990, zikiwemo za Diane Damiano wa Marekani, kuwa kunaongeza nguvu bila kuleta madhara yaliyohofiwa.

Mchukue mtoto ambaye upande mmoja wa mwili umeathirika, naye anataka kufungua chupa ya maji. Mkono dhaifu hautakiwi kuzungusha kifuniko. Unatakiwa kushika tu chupa isizunguke. Anaishika, inateleza, anaibana kifuani kwa kigasha, inainama, anaiweka katikati ya mapaja, na hapo mkono dhaifu unapata nafasi ya kuizuia kwa juu. Njia hiyo haimo katika kitabu chochote cha mikao sahihi, lakini kila jaribio limeupa ubongo taarifa ambayo mikono ya mtu mwingine haiwezi kuupa. Ndiyo sababu mafunzo ya mikono miwili, na yale ambayo mkono usioathirika hufungwa kwa muda ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, yameleta matokeo yanayokaribiana pale saa za mazoezi zilipolingana. Wingi wa mazoezi una uzito kuliko jina la mbinu, jambo ambalo wauzaji wa kozi zenye majina makubwa hawapendi kulisikia.

Wapo watakaoniuliza kuhusu mtoto asiyeweza hata kuinua kichwa. Swali ni la haki. Mfumo wa madaraja matano ya uwezo wa mwendo, la kwanza likiwa la walioathirika kidogo na la tano la walioathirika zaidi, uliochapishwa na Robert Palisano na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1997, ulisaidia kuacha kuwazungumzia watoto hawa kana kwamba ni wamoja. Mwaka 2002 watafiti wa kundi hilohilo walionyesha kwamba watoto hufikia takribani asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo mkubwa, kama kuketi, kusimama na kutembea, mapema sana: wa daraja la kwanza wakikaribia miaka 5, na wa daraja la tano kabla ya kutimiza miaka 3. Kwa hiyo anayemwahidi mzazi wa mtoto wa daraja la tano kwamba vikao vingi zaidi vitamsimamisha na kumtembeza anamuuzia matumaini. Kwa mtoto huyo lengo linaweza kuwa kuketi vizuri ili ameze bila kupaliwa, au kugeuza kichwa kuchagua kitu kwa macho, na nyonga zake zipigwe picha kwa ratiba kabla hazijateguka. Sweden imefanya hivyo kwa mpango ulioanza mwaka 1994, na nyonga zilizoteguka zimepungua kwa kiasi kikubwa.

Lawama nyingine naielekeza kwa maabara za mwendo, yaani vyumba vya kupima jinsi mtoto anavyotembea. Vialama vinavyobandikwa kwenye ngozi na kamera zinazovifuata vina manufaa makubwa kwa daktari anayepanga upasuaji, lakini vinarekodi mwendo bora wa mtoto kwenye sakafu sawa, huku watu wazima wakimtazama. Anachoweza kufanya pale na anachofanya kweli akiwa katikati ya wenzake wanaokimbia ni mambo mawili tofauti, na utafiti mwingi bado unapima la kwanza kisha unazungumza kana kwamba umepima la pili.

Hoja yangu isigeuzwe kuwa mzigo mwingine kwa mama. Mazoezi ya nyumbani yamo katika orodha ya kijani pale ambapo mzazi na mtoto wamechagua lengo wenyewe, na mtaalamu anarudi mara kwa mara kulirekebisha pamoja nao. Karatasi yenye michoro kumi na miwili anayokabidhiwa mzazi mlangoni siihesabu kuwa ni mpango wa mazoezi. Ningependa faili la mtoto lianze na jambo moja analotaka kuliweza, kwa maneno yake au kwa ishara yake, kisha nyuzi za pembe ambayo kifundo cha mguu kinaweza kukunjwa ziandikwe chini yake.