Biopsi ya malengelenge: kipande kimoja au viwili?

Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na malengelenge ya kinga ya mwili kujishambulia mara nyingi hukatwa kinyama kimoja, kikatiwa formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, na kupelekwa maabara. Wapo madaktari wanaosema hicho kinatosha. Wengine wanadai cha pili, cha kupima kingamwili kwa imunofluoresensi, yaani rangi inayozifanya zing'ae chini ya hadubini. Bila hicho, kwao, ni kubahatisha.

Wa kwanza wana hoja nzito. Mwaka 1953 daktari wa ngozi Walter Lever alitenganisha pemfigasi na pemfigoidi, magonjwa mawili ya malengelenge hayo, kwa hadubini ya kawaida. Kwenye pemfigasi vulgaris, seli za ngozi ya juu huachana, zikawa mviringo na kuelea ndani ya lengelenge, huku safu ya chini kabisa ikibaki imesimama kama mawe ya makaburi. Kwenye pemfigoidi, ngozi ya juu hubanduka yote, na chini yake mara nyingi eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, zimejaa. Ukiiona ile picha ya kwanza kwa mtu mwenye vidonda vya mdomo visivyopona, kumnyima prednisoloni, dawa ya steroidi, eti majibu ya maabara ya mbali hayajarudi ni hatari. Kabla ya steroidi, pemfigasi iliua wengi.

Ila hadubini hiyo ina mtego. Lengelenge la siku kadhaa huanza kupona: seli mpya hutambaa zikafunika sakafu yake, na mpasuko uliokuwa chini ya ngozi ya juu ukaonekana umetokea ndani yake. Hata likiwa bichi, mpasuko wa chini hautaji jina la ugonjwa. Yaweza kuwa pemfigoidi, au ugonjwa wa IgA ya mstari, ambao dawa yake ya kwanza huwa dapsoni. Hapo mwenye neno ni kingamwili: mstari unaong'aa kwenye mpaka wa ngozi ni wa IgG au wa IgA, aina mbili za kingamwili?

Gharama? Hadubini ya fluoresensi na msomaji wake havipatikani kila hospitali, kweli. Lakini kukata hakuhitaji mashine hiyo. Kipande cha pili hutolewa kwenye ngozi nzima iliyo kando ya lengelenge, kikatiwa normal saline (maji ya chumvi ya hospitali), kikasafirishwa kifike ndani ya siku moja. Kisiguse formalini tu.

Kwangu, pemfigasi iliyo wazi ianze kutibiwa kwa kipande kimoja. Mpasuko ukiwa chini, cha pili kikatwe mapema, si baada ya miezi ya prednisoloni, kingamwili zikiwa huenda zimeshafifia.