Na ile mitungi je?

Kwenye makala yenu mmemsifu Dkt. Graham Ogle, daktari wa watoto wa Australia, kwa kujitolea kwake kwenye Life for a Child, mpango ulioanza mwaka 2000 kuwapatia insulini, dawa ya kisukari, watoto wagonjwa wa nchi maskini, zikiwemo Rwanda na Tanzania yetu. Sawa kabisa. Ila mmeuacha utafiti wake ninaoupenda kuliko yote: mwaka 2016 yeye na wenzake walipima kama mtungi wa udongo unaweza kuipoza insulini, isiharibike kwa joto, pasipo na friji. Unaweza! Maji yakivukiza mtunguni, ndani kunapoa. Huyo anajua wagonjwa wake wanaishi vipi. Halafu mwandishi, vijiti vya kupimia sukari ya damu je? Vinauzwa ghali mno, andikeni na hilo.