Comet na kesi ya madirisha ya mraba

Kila ikitajwa Comet, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kibiashara (1952), lazima atokee mtu aseme "ah, ile ya madirisha ya mraba", yani ilipasuka angani kwa sababu ya kona za madirisha, basi mjadala umeisha. Mi naona de Havilland, kampuni iliyoiunda, tunawaonea kidogo.

Lawama zipo, na nzito. Januari 1954 moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wote 35 wakafa, ndege zikasimamishwa, halafu 23 Machi zikarudi kazini na chanzo hakijajulikana, wamebadili hiki na kile kwa kukisia tu. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka karibu na Naples, 21 wakafa. Hapo siwatetei.

Ila kusema hawakupima, hapana jamani, walipima sana. Kipande cha bodi cha majaribio kilijazwa presha, ikatolewa, ikajazwa, ikatolewa, mpaka kikapasuka kwenye raundi kama 18,000. Ile ya Elba ilikuwa na safari 1,290 tu, na kila safari ni kama raundi moja! Sasa pengo lote hilo limetoka wapi? Ndo hapa pananikosesha usingizi: kipande hicho hicho walishakipa kwanza presha kama mara mbili ya kawaida kuona kitahimili, na bati likivutwa namna hiyo kwenye kona linanyooka kidogo, presha ikitoka sehemu ile inabaki imebanwa, kwa hiyo ufa unachelewa kuanza. Yani ule ukali wa kipimo ndo uliowaficha ugonjwa, na ndege za abiria hazikuwahi kupewa dawa hiyo.

Na madirisha yenyewe, kona zake zilikuwa zimeviringwa, sio mraba kihivyo. Bati lililovuliwa Elba lilionyesha ufa umeanzia juu ya paa, kwenye uwazi wa antena, pembeni ya tundu dogo. Kweli, Comet nyingine ambayo wachunguzi waliizamisha kwenye tangi la maji kule Farnborough, Uingereza, kuijaza presha na kuitoa, mabawa yametokeza nje, ilipasukia kona ya dirisha ikiwa na raundi 3,057, so wa madirisha nao hawajakosea kabisa. Ila dirisha ni mahali tu, tatizo lilikuwa bati jembamba na mzigo kwenye kona uliozidi hesabu zao.

Comet 4, toleo la baadaye, ilivusha abiria Atlantiki 4 Oktoba 1958, ikaiwahi Boeing 707 ya shirika la Pan Am kwa siku 22. Ila 707 ilibeba watu wengi zaidi, na mashirika yalishaweka oda kwa Boeing.