Kupasua fizi: nani njo anafaa kisu?

Yaya yangu hapa Kadutu, mu muji wa Bukavu, fizi zake zilikuwa zinatoka damu miaka na miaka, mwisho gego moja likaanza kucheza. Munganga wa kwanza akasema ni kupasua fizi, wa pili akasema litoshwe tu iishe. Tangu hapo niko nauliza na kusoma juu ya hii mambo.

Kupasua kwenyewe ni hivi: wanatia ganzi, wanakata ufizi pembeni ya meno, wanauinua sawa kifuniko, sasa munganga anaona muzizi na mufupa kwa macho yake, anakwangua tatri yote (uchafu mugumu wenye kushika meno), anarudisha ufizi anashona. Munganga wa meno Widman wa Sweden aliieleza tangu 1918, na 1974 wenzake wa kazi Ramfjord na Nissle wakaileta kwa namna ya upole zaidi.

Wenye kuitetea wako na haki kubwa. Kama ufizi umeachana na jino mpaka mufuko umefika milimita 7, bila kupasua chuma inakwangua mu giza, na kwa magego yenye mizizi mbili ao tatu uchafu unabakia pale mizizi inaachana. Hapo kuogopa kisu ni kupoteza jino polepole.

Lakini kipimo njo batu wanasahau! Mufuko wa milimita 4 mpaka 6, kusafisha bila kukata kunalinda jino muzuri kuliko kisu, na wa 1 mpaka 3 kisu kinakula ufizi bure. Muongozo wa Ulaya wa 2020 unasema safisha kwanza mpaka chini ya ufizi, ngoja, pima tena. Ikibakia 4 ao 5 rudilia kusafisha, ikibakia 6 kwenda juu njo ufikirie kupasua. Tena kisu kiko na bei yake, fizi zinashuka, meno yanaonekana marefu, maji ya baridi yanauma.

Kwangu mimi kinachoamua ni kurudi kwa munganga kisha. Mu 1977 Nyman na wenzake kule Sweden walionyesha kama waliopasuliwa bila kusafishwa mara kwa mara walizidi kuharibika, hata ikatumiwa namna gani ya kukata. Sasa huku Bukavu mutu anakopa dola za kupasuliwa, za kurudi kila miezi 3 atazitosha wapi? Munganga anayepanga kisu bila kuuliza hilo anamuonea mugonjwa.

Yaya alisafishwa, akangoja miezi mitatu, damu ikaisha. Ni gego moja tu limebakia na mufuko wa 7, njo hilo atapasuliwa, na dola za kurudi tumezitenga kwanza.